Mikwaruzo ya Pipa la Stendi

Macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa. Mshonaji aliyekaa nyuma ya abiria wawili basini alisikia yote.

“Pipa la taka la chuma cha pua hupanguswa kwa kufuata mistari yake,” alisema mama msafishaji wa stendi. “Marehemu mume wangu alilisugua lile la stendi kwa waya wa sufuria, mviringo mviringo. Nilimgombeza wee. Sasa jua likilipiga, naona mkono wake unavyozunguka. Leo msimamizi kanipa msasa niifute mikwaruzo yote.”

“Pole, dada,” alisema abiria wa pembeni yake. “Lakini pipa ni pipa, na kazi ni kazi.”

“Wewe hukumzika mtu.”

“Nimezika. Ndiyo maana nakwambia futa.”

Basi likasimama stendi. Mama akashuka na ndoo yake. Msasa ukabaki kitini. Abiria yule aliutazama, akasogea taratibu, akaukalia.