Ukuta wa Ngazi ya Maktaba

Baada ya miaka thelathini na saba katika Idara yetu ya Majenzi, msanifu wetu mkuu, tunayemwita Bwana Rula, anastaafu rasmi tarehe 30 ya mwezi huu. Kamati ya sherehe iliniomba niandike kwa furaha, na nimejaribu. Meza zetu zimegusana miaka ishirini na miwili, kwa hiyo yatakayopinda humu ni yangu. Yeye hajawahi kupindisha kitu.

Bwana Rula alizaliwa katika familia ya wasanii. Baba yake alikuwa mchongaji, mama alichora mapazia ya jukwaa la maigizo, dada yake ni mfinyanzi. Kwao hata kibao cha kufulia kilikuwa na nakshi, na ukiegemea kiti uliondoka na alama ya ua mgongoni. Labda ndiyo maana alitoka chuoni akiwa amechoshwa na maua. Anatuachia shule tano, zahanati na soko la ghorofa mbili, yote majengo meupe, yenye kuta nyoofu na madirisha mapana, na ndani yake hakuna kitu kisicho na kazi. Ukimpelekea mchoro wenye urembo, alikuuliza kwa upole urembo huo unabeba nini, nawe ulirudi mezani kwako kutafuta kifutio.

Maktaba ndiyo iliyokuwa jengo lake la kwanza. Ili baba naye ashiriki, alimwomba arande mbao za kushikilia zege la ukuta wa ngazi mpaka likauke. Mzee aliranda vizuri mno. Halafu, bila kumwambia mtu, akachonga ubao mmoja kwa upande wa ndani. Mbao zilipobanduliwa, ukutani kulikuwa na ukanda wa nakshi uliotokeza, urefu wa mkono mmoja. Bwana Rula, wakati huo kijana wa miaka ishirini na sita, alipandwa na hasira mbele ya mafundi, akaamuru ukuta wote upigwe plasta siku hiyohiyo. Baba yake alikusanya randa zake akaondoka, na hakukanyaga tena maktaba maisha yake yote.

Walipatana, kwa kiasi chao. Mzee alipougua, mwanawe alimwambia kwamba nakshi ipo palepale chini ya plasta, na kwamba siku moja ataifunua. Mzee alifariki akiliamini neno hilo.

Mwaka huu imeamuliwa maktaba ibomolewe, na michoro ya kuibomoa akapewa yeye, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua vizuri nguzo zilipo. Aliichora bila kulalamika. Kisha akaomba apewe siku moja na ule ukuta. Tulikwenda wanne: yeye, mimi, dada yake akiwa na ndoo ya udongo laini wa kuchukulia chapa, na fundi aliyepiga ile plasta, sasa naye ni mzee mwenye wajukuu. Bwana Rula alishika tindo mwenyewe. Plasta ilidondoka kipande kwa kipande, na chini yake kulikuwa na mashimo matupu.

Fundi ndiye aliyesema kwanza. "Bosi, plasta haikamati ukuta laini, tena wenye vitu vilivyotokeza. Ilibidi tuvikwangue, tuutoboetoboe ukuta ili ishike. Wewe mwenyewe ulitufundisha."

"Nilisema mfunike," alijibu.

Ni jambo analolijua kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na yeye alilijua kuliko sisi sote, ila kwa miaka thelathini na minne hakutaka kulifikiria. Iliniuma, na bado inaniuma. Dada yake alimuuliza nakshi ilikuwa ya nini: majani, ndege, au jina? Katika familia, Bwana Rula ndiye pekee aliyebaki kati ya walioiona. Alisema anachokumbuka ni kwamba ilikuwa imepinda nusu kidole. Dada alifunika ndoo yake kwa kitambaa kibichi, tukateremka ngazi.

Tulitenga nusu ya ukurasa huu ili aichore anavyoikumbuka. Alikaa na penseli siku nne. Jana alinirudishia karatasi nyeupe, na nafasi hiyo nimeiacha hapo chini kama alivyoileta.

Bwana Rula, asante kwa kila ukuta ulionyooka. Tunakuombea ustaafu wenye utulivu, na siku mkono wako utakapokumbuka chochote, hata kikiwa kimepinda, tuletee.