Msomaji wa Rukiah

Nisikilizeni, wanangu, na yeyote kati yenu asikae mbali, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Abudu, mwanangu wa kwanza, kaa hapa miguuni. Kaltumi, weka chini hilo bakuli, uji hautanisaidia leo. Na wewe Rukiah, kitinda mimba wangu, nipe mkono, ili nikinyamaza ujue kama nimenyamaza kwa kufikiri au kwa kuondoka. Nasema kwa Kiswahili wala si kwa Kinubi chetu, kwa sababu nimemwita jirani yetu Bwana Katembo, fundi cherehani, Mkongo na Mkristo, awe shahidi, na sitaki neno langu hata moja limpite. Leo ni Ijumaa. Jumatatu saa mbili asubuhi Rukiah anatakiwa chuo kikuu, kule kilimani, akiwa na mtu wa kumsomea vitabu. Mtu huyo hatuna, na aliyetukosesha ni mimi.

Mali yangu ni kidogo, niimalize upesi. Nyumba hii ya vyumba vinne igawanywe kama dini inavyoagiza, simwongezei mtu wala simpunguzii. Ila chumba hiki cha uani nilimolala, kwa kuwa kelele za magari ya Nakivubo hazikifikii, nawaomba, siwaamuru, mkiache kiwe cha kusomea. Mashine ya chapa ni ya Rukiah; niliinunua nilipokuwa dereva wa lori la mbao, na sote tunajua kuwa ni yake tangu siku ile. Duka alilogawiwa Abudu baada ya Wahindi kufukuzwa siligawi, kwa sababu si langu, na sijalala vizuri tangu lilipoingia katika mazungumzo ya nyumba hii. Usiniangalie hivyo, mwanangu. Sikukukataza ulipolipokea, na kunyamaza kwangu nakuhesabu katika makosa yangu.

Kaltumi, wewe nilikukosea kabla ya wote. Surua ilipomnyang'anya mdogo wako Rukiah macho, alikuwa na miaka mitano na wewe kumi na mmoja, na mwalimu wako alikuwa amekuja mwenyewe hapa kukusifu hesabu zako. Nikakutoa shule umshike mwenzako mkono, umpeleke chooni, umpeleke dukani, umpeleke kwa majirani, na hukulia. Ulichukua ukindu ukaanza kusuka vifuniko vya sinia kama bibi yako, na mpaka leo unasuka. Juzi Abudu aliposema, "Basi Kaltumi aende naye chuoni, akae kando yake," nilikuona ulivyoinama juu ya kazi yako, ukauvuta ukindu mpaka ukakatika. Mimi nakusemea: asikuombe mtu tena. Vitabu vile ni vya Kiingereza, Kiingereza ambacho mimi ndiye niliyekunyima, na isitoshe, macho yako ni yako.

Sasa nisikilizeni kuhusu chuo, maana nikifa mtasikia kila mtu na yake. Mwezi wa nne nilikipanda kile kilima kwa miguu yangu, nikiwa na barua ya matokeo ya Rukiah mfukoni, nikaingia ofisi ya usajili nikitarajia kuchekwa. Nilimkuta bibi mmoja mwenye miwani, akaisoma barua mara mbili, akasema, "Mzee, alama anazo, tena zinazidi za wengi. Lakini vitabu vya nukta, vya kusomwa kwa vidole, hatuna, na wahadhiri wetu wengi wamesafiri." Aliposema "wamesafiri" aliutazama mlango, na mimi nikaelewa. Hakuniambia binti yangu arudi nyumbani akasuke. Aliandika kwa mkono wake kwamba Rukiah apewe chumba cha chini karibu na maktaba asipande ngazi, na mitihani aifanye peke yake kwa mashine ya chapa, aongezewe nusu ya muda. "Hayo nayaweza," akasema. "Nisiloliweza ni la kumpa mtu wa kumsomea. Aje na mwanafunzi wa darasa lake, watie sahihi pamoja siku ya kwanza. Bila hivyo wakubwa wangu watasema nafasi apewe mwingine, na mimi sitakuwa na la kuwajibu."

Nikashuka kile kilima nikicheka peke yangu, kwa sababu msomaji tulikuwa naye. Teresa Adero, binti wa marehemu Okullo, ndiye aliyemsomea Rukiah miaka miwili bwenini katika sekondari, na wote wawili walichaguliwa chuoni kusoma historia. Rukiah alikuwa akituambia likizoni jinsi mwenzake anavyosoma majina ya wafalme kwa madaha, halafu akifika kwenye tarehe anasema, "Hizi zako, Ruki, mimi sizitaki, zihifadhi wewe," na Rukiah anazihifadhi, na siku ya mtihani humkumbusha. Sisi hatukuwahi kumwona binti huyo. Tulijua tu kwamba anaishi Bukoto, kwenye maghorofa, yeye na mama yake.

Chuo kilipoleta orodha ya vitabu vya kusoma mapema, nikasema aje hapa wavianze. Na hapo ndipo nilipoharibu. Mimi ni dereva, mtoto wa askari aliyeletwa huku na Waingereza, na tangu nipate akili najua kwamba mgeni wa heshima hatembei juani. Huletwa kwa gari. Nikamwambia Abudu, "Mwana wa watu asipande basi. Nenda kamchukue." Abudu akaenda na gari la kikosi chake cha jeshi, na wenzake wawili nyuma, na miwani yao myeusi. Alikuwa na adabu, najua, maana niliyemfundisha adabu ni mimi. Alimwita kwa jina lake lote mbele ya majirani, akamfungulia mlango, akasema, "Karibu, dada, tunakusubiri."

Bwana Katembo, wewe unajua mji huu. Mke wako Monique, anayesali na mama yake Teresa, ndiye aliyetuambia baadaye kwamba Okullo, karani, aliitwa hivyo hivyo kwa jina lake lote, akafunguliwa mlango wa gari kama lile, miaka mitatu iliyopita, na hata nguo zake hazikurudi. Basi siku ile ya gari letu, mama yake Teresa alikimbia bila viatu. Alizunguka vituo vyote, na ilipofika alasiri alikuwa ukingoni mwa msitu ule tusioutaja, akigeuza maiti za watu wasio wake.

Na binti yake alikuwa hapa, kwenye kiti hicho. Kaltumi alimpa chai, hakuinywa. Nikamwambia, "Jisikie nyumbani, mwanangu," akaitika, "Ndiyo, afande." Afande, mimi. Akafungua kitabu akasoma, na mimi nisiyejua Kiingereza nikaona anasoma vizuri, nikafurahi. Rukiah ndiye aliyesikia. Teresa alikuwa anarudia ukurasa mmoja, tena na tena, wala hajui. Rukiah akamwambia, "Tere, funga kitabu. Nakusindikiza mimi mwenyewe." Wakatoka wameshikana mikono mpaka stendi, asiyeona anamwongoza anayeona. Tangu siku hiyo hajarudi, wala hajajibu barua, na ni wiki ya tano.

Abudu, nimekusikia ukisema hapo uani, "Nitaongea na ofisi yao, watampokea leo leo, msomaji au hakuna msomaji." Najua wangempokea. Wangempokea hata mbuzi ukiwapelekea na buti hizo. Lakini yule bibi wa miwani angesafiri kesho yake, na Rukiah angekaa katika darasa ambalo hakuna anayethubutu kumwambia hata mlango uko wapi. Yeye mwenyewe aliniambia, "Baba, sitaki msomaji anayeniogopa. Afadhali nisuke." Na alisema "afadhali nisuke" mbele ya Kaltumi, na Kaltumi akacheka, akamwambia, "Wewe usuke? Vifuniko vyako vitapitisha nzi." Ndiyo mara ya mwisho mimi kucheka.

Nipe maji kidogo. Inatosha.

Basi haya ndiyo maagizo. Kesho asubuhi, Abudu, vaa kanzu. Acha gari, acha wenzako, acha bastola hapa chini ya mto wangu. Uende kwa miguu mpaka Bukoto na Bwana Katembo, na Monique atangulie kubisha hodi. Kwenye kizuizi wakikusimamisha, simama kama wanavyosimama wengine, toa kitambulisho kama wanavyotoa wengine, na ukitaka kuwaambia wewe ni nani, ukumbuke mama yule alivyokimbia. Naogopa kukutuma hivyo, mwanangu. Nakutuma. Ukifika, usiketi mpaka uambiwe. Mwambie mama yake kwamba jina la binti halijaandikwa popote, kwamba aliyelituma gari ni mzee mjinga anayekufa, na kwamba wewe humjui aliyemchukua Okullo. Kama unamjua... Abudu. Kama unamjua, mwambie na hilo. Usimwombe Teresa asome. Mwambie tu kwamba Jumatatu saa mbili Rukiah atakuwa mlangoni pa ofisi ya usajili, na kwamba Teresa yuko huru kuja au kutokuja. Ukishasema hivyo, toka.

Na asipokuja, Rukiah, usirudi nyumbani. Ingia darasani na mkongojo wako, simama mbele, taja jina lako lote, la baba yako na la babu yako, useme unatafuta mtu wa kukusomea na kutia sahihi nawe siku hiyo hiyo. Najua jina letu la Kinubi, kama ya wenye yale magari, litafanya nini katika chumba kile. Wataangalia chini. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko kifo. Usilifiche jina, wala usijitetee, ngoja. Hesabu mpaka mia kama ulivyokuwa ukihesabu hatua za kwenda kisimani. Pengine mmoja ataondoa mkoba wake kwenye kiti kilicho karibu naye.

Mikono yangu imepoa. Nani ameshika mguu... Ni wewe, Abudu. Vizuri.

Mazishi yangu yasiletewe gari hata moja la jeshi. Nibebeni kwa mabega, watu wa Bukoto wakitaka kuja wapite bila hofu. Na matanga... Kaltumi, wewe ndiye wa kulisimamia hili, maana wanakuogopa shangazi zako. Watasema binti wa marehemu hatoki nje siku tatu, akae kwenye mkeka na wanawake, apokee pole. Waambie mimi, baba yenu Zubairi, nimekataza. Nikifa kesho, Jumatatu aende. Nikifa Jumapili, Jumatatu aende. Saa ya kunizika ikiwa saa mbili, nizikeni bila yeye.

Mungu awaweke, wanangu, awafungulie mlipofungiwa. Awape usingizi. Bwana Katembo, umesikia yote... Abudu, hiyo kanzu iko katika sanduku langu, chini. Itakubana mabegani. Ivae hivyo hivyo.

Rukiah. Usinishike sana. Saa mbili... Atoke mapema, Kaltumi, msongamano wa Jumatatu...