Mwalimu Tarumbeta na Taarifa ya Afya ya Kufunga Mwaka

Ndugu, jamaa, majirani, walimu na wanafunzi wake wa zamani, ambao naona mmejaa hadi nje ya uzio: dada yetu tunayemsindikiza leo mlimwita Mwalimu Tarumbeta, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Mimi ni mdogo wake, kitindamimba wa nyumba yetu. Familia imenipa kazi ya kusoma wasifu huu, ingawa mwenye sauti ya kazi hii ndiye aliyelala hapa mbele yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi wa reli na muuza mboga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Mkunga alimwambia baba, "Huyu akitaka kitu, hata wa mtaa wa pili watasikia." Na kweli walisikia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, na baada ya sekondari akajiunga na chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1978. Huko mkufunzi mmoja alimkanya: "Punguza sauti, binti, na darasa la jirani wanasoma." Akajibu kwa heshima zote, "Basi leo wamepata masomo mawili, mwalimu."

Januari 1979 alipangiwa shule ya msingi iliyo kando ya kiwanda cha matofali, na hapo ndipo alipofundisha sayansi na kusimamia afya ya wanafunzi hadi alipostaafu mwaka 2017. Stoo ya majembe aliigeuza chumba cha afya: kitanda, mizani, beseni, na ukutani herufi za kupimia macho. Kila siku ya kufunga mwaka, walimu wengine walipomaliza taarifa zao na wazazi wakaanza kupiga miayo, yeye alisimama kusoma ya kwake kama anatangaza mpira. "Minyoo wamefungwa, wazazi! Nyumbani na ugenini! Upele ulijaribu kurudi mwezi wa tano, ukakutana na sabuni!" Akina baba waliokuwa wameanza kuaga walirudi kukaa.

Tarehe 16 Aprili 1983 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuja shuleni kupima watoto sare. Shemeji anapenda kusimulia: "Mimi nilimpima mabega, yeye akanipima presha. Vipimo vyangu nilikosea, vyake vilikuwa sahihi: ilikuwa juu."

Lakini mwaka ambao hatutausahau ni 1994. Darasa la nne kulikuwa na binti wa mwashi, mwenye kifafa. Dada alimpeleka kliniki akaanzishiwa dawa, ila kuna siku bado alianguka. Baadhi ya wazazi walimwendea mwalimu mkuu wakitaka mtoto aondolewe, eti atawaambukiza watoto wao. Mwalimu mkuu akasema suala litaamuliwa kwenye mkutano wa kufunga mwaka. Dada alipiga meza. "Kifafa hakiambukizi! Kinachoambukiza ni woga!"

Muhula mzima akawafundisha darasa la nne kwa mchezo, wakipokezana kuwa mgonjwa. "Tunafanya nini?" Wao: "Sogeza vitu, legeza kola, laza ubavu, kaa naye!" "Na mdomoni?" "Hatutii kitu!"

Siku ikafika. Dada alimpa binti yule asome sehemu ya darasa lake katika taarifa ya afya. Alisoma vizuri, kifua mbele, na alipofika kwenye habari za meno, akaanguka. Viti vilipinduka. Wakubwa walirudi nyuma wakikanyagana, na mzazi mmoja akapiga kelele, "Msimguse!" Dada alipiga hatua moja, kisha akasimama, maana darasa la nne walikuwa wameshafika. Wengine walisogeza viti. Mvulana mmoja alivua sweta akamwekea chini ya kichwa. Wakamlegeza kola, na alipotulia wakamlaza ubavu. Kasichana kadogo kuliko wote kakamwambia mwalimu mkuu, "Shikamoo mwalimu, rudi nyuma kidogo, anataka hewa."

Binti alipofumbua macho aliuliza, "Nimefika wapi?" Mwenzake akamjibu, "Kwenye meno."

Mama yake alipompeleka kupumzika chumba cha afya, dada alipaza sauti hadi matofali ya kiwandani nadhani yaliitikia: "Wazazi! Mmeona wenyewe! Waliokimbia ni wakubwa tu!" Mzazi aliyekuwa amepiga kelele alimwona mwanawe bila sweta. Akainuka taratibu. "Mwalimu mkuu, tuliyoyasema ofisini tunayafuta." Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Binti yule alipanda darasa la tano na wenzake. Leo ana duka lake la vitabu, na amekaa safu ya pili pale, ananitikisia kichwa nisimtaje.

Mwaka jana moyo wa dada ulianza kuchoka. Wodini wauguzi walimwomba anong'one. Akanong'ona, na wodi ya jirani ikaitikia. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Novemba 2023, alimuuliza mumewe, "Watoto wamefunga shule?"

"Bado. Keshokutwa."

"Basi waambie taarifa isomwe kwa furaha. Afya njema siyo msiba."

Akafumba macho, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Juzi shule ilifungwa. Mwalimu wa afya wa sasa alisimama, akaanza kwa sauti ya kilio. Mtoto wa darasa la kwanza akamkatiza: "Kwa nguvu, mwalimu!" Akasoma kwa nguvu. Mwaka huu hakuna mtoto hata mmoja aliyelazwa kwa kuhara! Walishangilia mpaka sisi waombolezaji nyumbani tukatoka nje kusikiliza.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu na sisi wadogo zake wanne. Apumzike kwa amani dada yetu. Kuhusu ukimya, huko aendako watajionea wenyewe.