Kamba ya Nane ya Marsaili Geddes

Tarehe 30 Novemba, Bi Marsaili Geddes anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kutunza nasaba ya ukoo wa Strathorrin. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Andrea, msimamizi wa nchi yetu. Kwa kuwa aliichagua mwenyewe, hakuna aliyethubutu kumshauri nyingine.

Alikuja katika kasri la ukoo huo akiwa msichana kutoka mji wa pwani wa Banff, kuchora upya mti wa ukoo ulioharibiwa na unyevu katika ukuta wa mnara. Ilikuwa kazi ya kiangazi kimoja. Lakini kila tawi alilolisafisha lilimfunulia jingine nyuma yake, hapa mke aliyesahauliwa, pale kijana aliyekwenda vitani asirudi, na kiangazi kikageuka maisha. Kila ukungu ulipopanda kutoka ziwani na kulifunika dirisha, sisi watumishi wenzake tulimkuta amesimama mbele ya ukuta ule, brashi mkononi, akiwazungumzia marehemu kana kwamba wametoka kidogo bustanini na watarudi wakati wa chai. Baada ya muda, nasi tukaanza kutega sikio mlangoni.

Wageni kutoka Kanada walimjia wakitafuta mababu wenye vyeo. Mmoja wao alijibiwa bila kupepesa macho: "Babu yako hakuwa lodi, bwana. Alikuwa akimwibia lodi kondoo. Lakini jipe moyo, alikuwa mwizi hodari." Mgeni yule alifurahi mno, na kila Krismasi hututumia kadi yenye picha ya kondoo.

Atakumbukwa zaidi kwa mazishi ya Lodi Lachlan, bwana wa kasri. Kwetu jeneza hushushwa kwa kamba nane, na kila mshika kamba hupewa kadi yenye namba yake: wa kwanza, ndugu wa karibu kuliko wote, husimama kichwani, na wengine hufuata kwa kadiri ya ukaribu wao. Kuwapanga ilikuwa kazi ya Bi Geddes. Torquil Begg, mchunga kondoo wa kasri, alikuwa na ombi moja tu, amshushe Lachlan kwa mkono wake. Mama yake Torquil ndiye aliyewanyonyesha wote wawili, kama wake za wachunga kondoo walivyowanyonyesha watoto wa kasri tangu zamani.

Bibi Euphemia, dada wa marehemu, alikataa katakata. "Kamba ni za damu, Marsaili. Maziwa hayachorwi ukutani."

Bi Geddes hakubisha. Kamba saba zilikwenda kwa damu. Ya nane, Lodi alikuwa ameagiza kabla ya kufa kwamba apewe Bi Geddes mwenyewe, heshima ambayo hakuna mtumishi wa kasri aliyewahi kuipata. Asubuhi ya mazishi, theluji ikidondoka taratibu, alimwekea Torquil kiganjani kadi ya nane, ile yake mwenyewe.

"Na wewe je, binti?" mzee aliuliza.

"Mimi nimemshika vya kutosha kwa brashi kule mnarani. Nenda, ndugu yako anakungoja."

Jeneza lilishuka bila kutikisika. Theluji ilipoyeyuka, Bibi Euphemia alipanda mnarani kwa miguu yake akauliza kama imebaki rangi nyeupe. Ilikuwapo. Leo uzi mwembamba kama wa maziwa unaunganisha Lachlan na Torquil ukutani, na jioni za kiangazi, mwanga unapokataa kuondoka, ndio unaoonekana hadi mwisho.

Bi Geddes hakuolewa, wala hana ndugu aliyebaki. Hupenda kutania kwamba atazikwa kwa kamba za kukodi. Katika hili, kwa mara ya kwanza, hatuna budi kumsahihisha. Kamba zake zote nane zimekwisha kugombewa katika chumba cha chai. Torquil, ingawa umri wake umepita themanini, anadai ya kwanza ni yake. Bibi Euphemia naye anasema ni yake, na hataki kusikia la mtu. Mzozo haujatatuliwa, kwani mwenye kazi ya kuutatua anastaafu.

Ahsante, Bi Geddes. Nenda Banff ukapumzike, uwe na afya na furaha, na utuache tugombane kwa miaka mingi ijayo.