Dalinda wa Mlangoni na Kopo la Tatu la Rangi

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wasichana mliokuja na jezi zenu: leo Jumamosi, tarehe 12 Novemba 2022, ni arobaini ya Dalinda binti Bashir Faraj, nasi tumeifanyia katika ukumbi huu alioulinda miaka kumi na minane. Wasifu huu unasomwa na Olfa, binti ya kaka yake. Marehemu angekuwa hai angetaka ausome kwanza yeye mwenyewe, tena mara mbili, maana hakuamini karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Bekalta, pwani ya Tunisia, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa Mzee Bashir, mkulima wa pilipili, na Bi Shadlia. Kaka yake, Mzee Monji mwenye duka la rangi, alimtangulia kwa miaka minne. Ndiye yule aliyekaa kiti cha mbele na fimbo yake.

Shule alianza mwaka 1957, na kwa mbio hakuwa na mpinzani. Mwezi wa Mei 1963 wavulana walimnyang'anya mpira, naye akaruka ukuta wa shule, akawafukuza mpaka sokoni, akaurudisha. Kumbe kabla hajafika nyumbani, maneno yalikuwa yameshafika: binti ya Bashir ameonekana juu ya ukuta, miguu wazi. Baba yake akasema imetosha. Darasani hakurudi tena, na mpira hakuugusa. Aliyepeleka maneno ni nani? Alimshuku mwoka mikate, akamshuku jirani wa kulia, akamshuku wa kushoto. Hakumjua mpaka anaingia kaburini. Jambo hilo lilimuuma sana, wala hakulificha. Tangu siku ile hakumwamini mtu.

Kuanzia 1970 hadi 1999 alifanya kazi kiwanda cha nguo, mkaguzi wa mishono. Alikuwa akivuta kila mshono kwa vidole viwili, na mshono ukiachia, nguo inarudi ilikotoka. Wenzake walimwogopa, na wateja hawakuwahi kurudisha hata shati moja.

Kabla ya kukubali posa ya Tijani, dereva wa teksi, alipanda teksi yake mara tatu amejifunika shuka la safsari uso mzima, asikie anavyosema na wazee wa watu. Mara ya nne Tijani akamtazama kwenye kioo.

"Binti ya Bashir, kama huu ni mtihani, nimefaulu au bado?"

"Angalia barabara," akajibiwa.

Walioana tarehe 8 Agosti 1976. Mungu hakuwajalia watoto, lakini aliwajalia kicheko, na nyumba yao ilisikika mpaka mtaa wa pili. Tijani alifariki mwaka 2001, na nyumba ikawa kimya.

Sasa tuje kwenye ukumbi huu, ambao zamani ulikuwa ghala la zeituni. Oktoba 2003 alikuja Mwalimu Sihem kutoka Susa, akasema atafundisha wasichana mpira wa mikono kila Jumanne na Alhamisi alasiri. Akina baba walikutana mkahawani wakakuna vichwa. Wasichana peke yao, ndani, milango imefungwa, na mwalimu wa kutoka kwingine? Mwisho wakakubaliana: watacheza, ila akae mtu wetu mlangoni. Mzee Monji akasema, "Mchukueni dada yangu. Yule hakiamini hata kivuli chake." Kisha akamvuta Dalinda pembeni: "Olfa wangu ana miaka kumi na mmoja. Kila Alhamisi nitakuuliza. Siku ukiona jambo la aibu, hata dogo namna gani, niambie, na siku hiyo hiyo tunafunga."

Akaja na kiti chake cha plastiki, akakaa. Wa kwanza kushukiwa alikuwa mwalimu.

"Hiyo filimbi ya nini? Watoto ni mbwa?"

"Ya kusimamisha mchezo, mama."

"Na mbona umemshika yule bega?"

"Namwonyesha kurusha."

"Haya. Mimi nipo, naona."

Alishuku kwamba wanalazimishwa. Kwa hiyo hakuna msichana aliyetoka hapa bila kusimama mbele ya kile kiti na kuulizwa, "Umefurahi, au umelazimishwa?" Ukijibu huku unatazama chini, hutoki. Mwezi wa pili wa mazoezi binti mmoja, Rim, alijibu kwamba hakufurahi, kwa sababu hakupewa mpira hata mara moja. Marehemu akamwita mwalimu pale pale.

"Huyu amekimbia saa nzima mikono mitupu. Kwa nini?"

"Bado hajui kudaka, mama."

"Atajuaje kudaka asichopewa? Au una wako unaowapenda?"

Mwalimu Sihem mwenyewe yupo hapa, na anakiri kwamba siku ile alikasirika, akaenda nyumbani akalia, na Alhamisi akampa Rim mpira. Toka hapo kila mtoto aliupata. Baba aliyekuja kumfokea bintiye kwa kukosa goli alitolewa nje kwa kiti kile kile, mbele ya watu. Wasichana walikuwa kumi na mmoja. Mwaka uliofuata wakawa arobaini.

Na kila Alhamisi, kwenye chai, Mzee Monji aliuliza, "Kuna lolote?" Naye alijibu, "Hakuna." Ilikuwa kweli, mpaka Alhamisi ya tarehe 14 Aprili 2005.

Siku ile Rim alisimama mbele ya kiti akanong'ona, "Shangazi, sikufurahi. Kuna mtu juu." Madirisha haya tisa yanatazamana na paa la nyumba ya pili, na wakati ule vioo vyake vilikuwa vyeupe, aliye juu anaona mpaka ndani. Wasichana walipokwisha kuondoka, marehemu alipanda lile paa, akakuta sanduku la mbao limegeuzwa kuwa kiti, na vichungi vya sigara vimetapakaa chini yake.

Hapo alikuwa na lile jambo la aibu aliloambiwa alingoje. Akilisema, ukumbi unafungwa jioni ile ile, na wanaofungiwa nyumbani ni watoto, si yule mwanamume. Alimwambia Olfa miaka mingi baadaye kwamba aliuona ule ukuta wa 1963 mbele ya macho yake, mara hii yeye ndiye mwenye maneno ya kupeleka. Kwenye chai, kaka yake akauliza, "Kuna lolote?"

"Njiwa tu," akasema. "Wanachafua madirisha. Nafikiri nitayapaka rangi."

"Njiwa?"

"Njiwa."

Ijumaa, kaka yake akiwa msikitini, alichukua makopo mawili dukani kwake, ile buluu ya milango ambayo Mzee Monji huichanganya kwa mkono wake. Mwalimu Sihem akashika ngazi, naye pia akaambiwa ni njiwa. Walipaka madirisha saba, rangi ikaisha. Kurudi dukani alihofia kuulizwa. Mawili yakabaki wazi, na usiku huo hakulala.

Jumanne, saa moja kabla ya mazoezi, alikwenda akakaa juu ya lile sanduku, akangoja. Mtu wake akapanda ngazi, sigara mdomoni.

"Karibu, mwanangu. Kaa. Unatazama nini huku?"

"Na... natafuta njiwa wangu, mama."

"Hata wewe njiwa! Basi niambie mama yako yuko wapi sasa hivi, nikamwulize anafuga njiwa wangapi."

Alishuka ngazi mbili mbili, na paani hakuonekana tena. Jina lake marehemu amekwenda nalo. Alipofika mlangoni kufungua ukumbi, alikuta kopo la tatu limewekwa chini, buluu ile ile, na brashi mpya juu yake. Akapaka madirisha mawili yaliyobaki. Kuna mtu anajua! Nani? Alimshuku mwalimu, akamshuku imamu, akamshuku hata yule wa njiwa kwamba ameona haya. Dukani asingeweza kuuliza nani kanunua. Kwa miaka kumi na saba aliishi roho juu, akingoja siku mtu huyo atakapofungua mdomo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akaacha kiti. Hospitalini alihesabu vidonge mbele ya daktari na kumwuliza muuguzi, "Kazi hii umeifurahia, au umelazimishwa?" Muuguzi alikaa kitandani akamweleza maisha yake yote. Siku kumi kabla ya kuondoka alimwuliza Olfa kwa mara ya mwisho, "Mwanangu, hivi lile kopo alileta nani?" Alifariki Jumanne, tarehe 4 Oktoba 2022, saa kumi alasiri, wakati wa mazoezi.

Wasifu huu ulipokwisha kuandikwa, Olfa alimsomea baba yake kwanza, kwa hofu, kwa kuwa ndani yake mna uongo aliodanganywa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Siku ile ile ya chai niliona kuna kitu," akasema. "Dalinda hajawahi kupaka rangi hata mlango wake. Ijumaa jioni nikapanda lile paa. Njiwa hawavuti sigara."

"Mbona hukufunga, Baba?"

"Ningemfungia nani? Wewe ulikuwa ukirudi nyumbani unaimba. Nikahesabu madirisha, nikaona yamebaki mawili." Akalia waziwazi. "Mimi ndiye niliyepeleka maneno ya ukuta mwaka ule, Olfa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Andika. Yasome yote."

Marehemu ameacha kaka mmoja, Monji. Binti ya kaka, Olfa. Mwalimu mmoja aliyemshuku mpaka wakawa marafiki. Na wasichana mia mbili na sita waliotoka mlango huu wakisema wamefurahi. Kiti chake kipo pale pale.

Shangazi, ni kaka yako. La ukuta ni yeye, na la kopo ni yeye. Hakuna tena wa kumshuku. Pumzika kwa amani.