Kaka Yangu na Vituo Vitatu vya Zimamoto

Ndugu waombolezaji, viongozi wa zimamoto, majirani na jamaa, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, nami nimekubali kwa sababu hakuna aliyemfuata nyuma kwa muda mrefu kama mimi mdogo wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji, miaka miwili kabla yangu, na tangu hapo kila shati lililonifikia lilikuwa limekwisha kuchoka mgongoni mwake. Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza sekondari mwaka 1970, na walimu walionifundisha baada yake hawakuwahi kujisumbua na jina langu, nilikuwa "mdogo wake" hadi siku ya cheti.

Tarehe 1 Juni 1971 aliajiriwa Kituo Kikuu cha Zimamoto, wakati huo kikiwa kituo pekee cha jiji hili, banda la mabati nyuma ya soko lenye gari moja na kengele ya kupigwa kwa mkono, nami nikamfuata mwaka uliofuata. Jiji lilipotanuka kikajengwa kituo cha pili huko viwandani, na mimi, niseme wazi, nilishajiona mkuu wa kituo hicho, hata viatu vipya nikanunua, lakini uteuzi ukamwendea yeye. Wenzangu wakanituliza kwamba aliyepewa kapewa, nami nikaumeza wivu wangu kama kwinini.

Siku ya ufunguzi, tarehe 14 Agosti 1979, ndipo ilipojulikana kwamba wahandisi walipima kimo cha gari bila ngazi yake ya juu, na kwa desturi yetu mkuu mpya ndiye huingiza gari la kwanza kinyumenyume, ili pua ielekee barabarani, basi kaka akarudi nyuma mbele ya wageni wote, ngazi ikagota kwenye zege la mlango. Nilisogea dirishani nikamnong'oneza apunguze upepo kwenye matairi, akapunguza, gari likashuka, likaingia, watu wakapiga makofi, na kabla soda hazijaisha simu ikaita kwamba kiwanda cha magodoro kinaungua, gari lao likiwa limekalia rimu, ikabidi twende sisi wa Kituo Kikuu. Hata aibu hiyo iligeuka sifa yake, kwani mpaka leo askari wapya husimuliwa ujanja wa kaka wa upepo, na kila nilipousikia roho iliniuma, maana ujanja ulikuwa wangu.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi, ambaye kwa kumbukumbu zenu mimi ndiye niliyemwona kwanza, wakajaliwa watoto watatu, wote wako hapa na wote wamesoma kuliko wangu. Kituo cha tatu, cha kilimani, kilipofunguliwa tarehe 2 Mei 1992, aliteuliwa yeye tena kukianzisha, akastaafu akiwa hapo mwaka 2006.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2019 kwa moshi aliouvuta kazini, akalazwa mara kadhaa, na siku moja nikimshikia kikombe cha uji akaniambia, "Ile ya upepo ilikuwa akili yako. Nilitaka kusema miaka yote, ila nilikuonea wivu, wewe ulikuwa na kichwa, mimi nilipewa cheo. Waambie." Alifariki tarehe 11 Februari 2024, asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake.

Basi nimewaambia, na nilidhani nikilisema jambo hili mbele ya vituo vyote vitatu moyo ungetulia, haukutulia, kwa kuwa niliyetaka kumsikia akilisema mbele yenu yumo ndani ya sanduku.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliotuachia ua na viti vyao, na askari wa zimamoto mliokuja na magari yenu, mkaacha wenzenu wa kutosha kazini kama yeye angeamuru.

Kaka, ulinitangulia kuzaliwa, ukanitangulia kazini na kwenye ndoa, na sasa umenitangulia tena, pumzika kwa amani, na hata kwa hili nakuonea wivu, maana wewe hukuachiwa kumzika ndugu yako.