Mama Ndevu na Mwamba Wake

Wasikilizaji wapendwa, wiki hii tumempoteza mtafiti wa mimea ambaye wenzake kazini walimwita Mama Ndevu. Ametutoka akiwa nyumbani kwa dada yake, baada ya kuugua figo.

Jina hilo lilitokana na kazi yake. Juu kabisa mlimani, kwenye nyasi fupi ambako miti haioti tena, kuna kitu kinachoning'inia kwenye mawe kama ndevu za mzee. Si nyasi, si mizizi. Ni kuvu na mwani vilivyoshikana vikaishi pamoja. Mama Ndevu aliwaambia wanafunzi wake, "Ni ndoa hiyo. Tena haina mashemeji."

Ndiye aliyethibitisha kuwa ndevu zile ni za aina ya peke yake. Akaandika kwamba zinaota kwenye mwamba mmoja tu. Kampuni moja ilipotaka kuupasua mwamba huo ipate kokoto za barabara, andiko lake ndilo lililoizuia. Miaka ikapita, mashine hazikupanda.

Kisha akaenda mlima mwingine, kwa shughuli nyingine kabisa. Alikaa kupumzika, akaegemea jiwe, akahisi kitu kinamkwaruza shingoni. Zilikuwa ndevu zilezile. Zimejaa jiwe zima.

Dada yake, mshonaji, anaikumbuka siku aliyorudi.

"Nilikuwa kwenye cherehani. Aliingia hata viatu hajavua, akaniambia, zipo kwingine. Nikamuuliza, mdogo wangu, nani mwingine kaziona? Akasema hakuna. Nikamwambia basi, funika kombe mwanaharamu apite. Akanijibu, 'Dada, nikificha hili, lile la kwanza nani ataliamini?'"

Akatangaza. Narudia: alitangaza mwenyewe, bila kuulizwa na mtu. Kampuni ikapewa kibali, na mwamba ukapasuliwa. Baadhi ya wenzake waliacha kumsalimia. Yeye alikwenda kutazama baruti zikilipuliwa, akarudi, akaoga, akakaa jikoni. Dada yake anasema hapo ndipo alipomwona akilia, mara ya kwanza tangu wazikwe wazazi wao.

Baadaye aliomba mlima wa pili ulindwe. Wakubwa walikubali bila kutuma mtu kuhakiki. Alipouliza sababu, ofisa mmoja alimwambia, "Mama, wewe ukisema zipo, zipo." Mlima huo unalindwa hadi leo.

Tunampa pole dada yake, pamoja na wanafunzi aliowaacha. Apumzike salama. Nawe unayetusikiliza, huenda kuna ukweli unaoujua peke yako. Unaufanyia nini?